MADA YA 9: KUHAMISHA MAKONTENA KUTOKA TRENI MOJA HADI NYINGINE

Malengo ya mada

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza kwa nini makontena huhamishwa kutoka treni moja hadi nyingine badala ya treni kuendelea na safari;
(b) kutaja mifano halisi ya vituo vya kuhamishia makontena Afrika Mashariki;
(c) kufuata hatua za uratibu kuanzia treni inapoondoka bandarini hadi treni ya pili inapoondoka kituoni;
(d) kukokotoa muda wa kazi, uzito kwa ekseli na tarakimu ya uhakiki ya namba ya kontena.

Wanafunzi wengi huiruka mada hii wakidhani ni ya kukariri tu, kisha hupoteza alama pale swali linapowataka wafikiri. Soma kwa utaratibu, na uwe na kalamu na karatasi mkononi. Sehemu ya hesabu haihitaji zaidi ya kujumlisha, kuzidisha na kugawanya.

9.1 Msamiati muhimu

*Kontena* ni sanduku kubwa la chuma lenye vipimo vinavyokubalika duniani kote. Yanayotumika zaidi ni ya futi 20 (urefu wa mita 6.06) na ya futi 40 (mita 12.19). Upana wa yote mawili ni mita 2.44. Kila kontena lina pembe nane za chuma cha pua gumu zenye matundu. Mashine hushika pembe za juu wakati wa kunyanyua, na kufuli za behewa hushika pembe za chini wakati wa safari.

*Behewa bapa* ni behewa lisilo na kuta wala paa, lenye kufuli za kushikilia makontena.

*Upana wa reli* ni umbali kati ya pande za ndani za vyuma viwili vya reli.

*Bandari kavu* ni kituo kilicho mbali na bahari kinachofanya kazi za bandari: kupokea makontena, kuyahifadhi, kuyakagua kiforodha na kuyasafirisha.

*Yadi* ni eneo la kituo lenye njia nyingi za reli na nafasi ya kupanga makontena chini.

*Lakiri* ni kifungo chenye namba kinachowekwa kwenye mlango wa kontena. Kikikatwa, hujulikana kwamba mlango umefunguliwa.

*Mnyanyuko* ni tendo moja la kulinyanyua kontena kutoka mahali pamoja na kuliweka pengine.

9.2 Kwa nini kontena lihame?

Kabla ya makontena, mzigo ulipakuliwa gunia kwa gunia na kasha kwa kasha. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli iitwayo Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Faida ilionekana upesi. Bidhaa zenyewe haziguswi, kinachohama ni sanduku. Kwa hiyo leo tunapozungumzia kuhamisha shehena kati ya treni mbili, maana yake ni kunyanyua sanduku lililofungwa na kuliweka juu ya behewa jingine, lakiri ikiwa salama.

Lakini hata mnyanyuko mmoja una gharama. Kwa nini basi treni isiendelee tu hadi mwisho? Zipo sababu kuu nne.

*(i) Tofauti ya upana wa reli.* Hii ndiyo sababu kubwa katika eneo letu. Reli za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zina upana wa milimita 1000, yaani mita moja. Reli ya TAZARA na reli za Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini zina milimita 1067. Reli mpya za kisasa (SGR) za Kenya na Tanzania zina milimita 1435. Gurudumu lililotengenezwa kwa upana mmoja haliwezi kutembea kwenye upana mwingine.

*(ii) Tofauti ya uwezo wa kubeba uzito.* Reli ya SGR hubeba mabehewa mazito na treni ndefu kuliko reli ya mita moja. Treni moja ya SGR inaweza kujaza treni mbili au zaidi za reli ya zamani.

*(iii) Miishilio tofauti.* Treni moja ikiwa na makontena ya miji mitatu, ni nafuu kuyatenganisha katika kituo cha kati kuliko kuipeleka treni nzima kila mji.

*(iv) Tofauti ya wamiliki na nishati.* Shirika moja linaweza kuishia mpakani na jingine kuanzia hapo. Vilevile treni ya umeme haiwezi kuendelea pale nyaya za umeme zinapoishia. Zingatia: sababu hii peke yake haidai kontena lihame. Inatosha kubadilisha kichwa cha treni. Kontena huhama pale ambapo *behewa* haliwezi au halipaswi kuendelea.

9.3 Mifano halisi

*Mfano wa 1: Kidatu, Morogoro.* Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, kwa upana wa milimita 1000. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Lengo lilikuwa kuipatia Zambia njia ya baharini isiyopitia nchi zilizokuwa chini ya utawala wa walowezi kusini. Ili mabehewa yake yaweze kuungana na reli za Zambia, ilijengwa kwa milimita 1067.

Tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hukutana na TAZARA hapo Kidatu. Tofauti ya upana ni milimita 67 tu, pungufu ya sentimita saba. Unaweza kudhani tofauti ndogo hivyo ni rahisi kuitatua kwa kuongeza chuma cha tatu cha reli kando ya vile viwili. Ukweli ni kinyume. Kichwa cha chuma cha reli chenyewe kina upana unaokaribia nafasi hiyo, na bado inatakiwa nafasi ya kupitishia ukingo wa gurudumu. Vyuma viwili havitoshi kukaa sambamba karibu hivyo. Ndiyo maana mzigo lazima uhamishwe.

*Mfano wa 2: Naivasha, Kenya.* Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, kwa upana wa mita moja. SGR ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikasogezwa hadi eneo la Naivasha, ambako iliishia bila kufika mpakani. Bandari kavu ilijengwa huko karibu na Mai Mahiu, na kipande cha reli ya mita moja kikajengwa kuiunganisha na stesheni ya Longonot kwenye reli ya zamani. Hivyo kontena la Uganda hutoka Mombasa kwa SGR, huhamishiwa treni ya mita moja, kisha huenda Malaba hadi Uganda.

Hapa tofauti ni milimita 435, nafasi inayotosha chuma cha tatu. Hata hivyo, hilo lisingetosha, kwa sababu behewa zito la SGR haliwezi kupitishwa kwenye madaraja na njia zilizojengwa kwa uzito mdogo. Linganisha mifano hii miwili vizuri: Kidatu kikwazo cha kwanza ni nafasi, Naivasha ni uzito.

*Mfano wa 3: Mwanza, mfano wa kinyume.* Meli ya MV Umoja hubeba mabehewa ya treni kuvuka Ziwa Victoria kati ya Mwanza na Port Bell, Uganda. Behewa huingia melini kwa magurudumu yake na kutoka vivyo hivyo upande wa pili, kwa kuwa reli za pande zote mbili ni za mita moja. Hakuna kontena linalonyanyuliwa. Mfano huu unaonyesha kwamba ziwa zima linaweza kuvukwa bila kuhamisha mzigo, ilhali milimita 67 za nchi kavu zinaweza kuuzuia.

ANGALIZO: Isaka, mkoani Shinyanga, ni bandari kavu maarufu, lakini kazi yake kubwa imekuwa kuhamisha mizigo ya Rwanda na Burundi kutoka *treni kwenda malori*. Swali likiuliza "kutoka treni hadi treni", usiitaje Isaka kama mfano wako mkuu.

9.4 Hatua za uratibu

Kuratibu ni kuhakikisha vitu vinavyotegemeana vinakutana kwa wakati: treni mbili, mashine, wafanyakazi na hati. Kimoja kikikosekana, vingine vyote husubiri. Kariri hatua hizi kwa mpangilio wake.

*Hatua ya 1: Taarifa kabla ya treni.* Treni inapoondoka bandarini, orodha yake hutumwa kituoni. Orodha huonyesha namba ya kila kontena, liko behewa la ngapi, uzito wake, linakokwenda, na kama lina mzigo wa hatari au wa kuharibika. Taarifa inapaswa kufika kabla ya treni. Ikifika pamoja nayo, kupanga kutaanza huku treni imesimama.

*Hatua ya 2: Kupanga kuanzia mwisho wa safari.* Mpangaji huanza na treni itakayoondoka, si iliyofika. Hujiuliza: mabehewa yapi yatakatwa njiani kwanza? Hayo hupangwa pamoja, upande ambao yatakatika bila kuivuruga treni yote. Kisha ndipo huamua kila kontena lipandishwe behewa lipi.

*Hatua ya 3: Kuweka treni sambamba.* Treni mbili zikisimama kwenye njia zilizo jirani, mashine huweza kutoa kontena hapa na kuliweka pale kwa mnyanyuko mmoja. Zikikosa kukutana, kontena hushushwa chini kwanza, na baadaye hunyanyuliwa tena. Hiyo ni minyanyuko miwili.

*Hatua ya 4: Ukaguzi kabla ya kunyanyua.* Karani husoma namba ya kontena na ya lakiri, na kuzilinganisha na orodha. Kontena lililobonyea au lenye lakiri iliyokatwa huwekwa kando na kuandikiwa taarifa. Likisafirishwa bila kuandikiwa, itakuwa vigumu kujua uharibifu au wizi ulitokea upande gani. Kisha kufuli zote nne za behewa hufunguliwa. Kufuli moja ikisahaulika, mashine inaweza kunyanyua kontena pamoja na behewa.

*Hatua ya 5: Kuhamisha.* Hutumika winchi kubwa mfano wa daraja inayopita juu ya njia za reli, au mashine ya magurudumu yenye mkono mrefu. Hakuna mtu anayeruhusiwa kupita chini ya kontena lililo hewani. Vichwa vya treni havisogei mpaka msimamizi wa winchi atoe ruhusa.

*Hatua ya 6: Kufunga, kukabidhi na kuondoka.* Kufuli hufungwa na kukaguliwa moja baada ya nyingine. Orodha mpya huandikwa kulingana na mahali kontena lilipowekwa kweli, hata kama si pale lilipopangiwa. Hati za forodha hukamilishwa, breki hujaribiwa, na treni hupewa ruhusa ya kuingia njia kuu. Orodha hiyo hutumwa kituo kinachofuata, nako hatua ya 1 huanza upya.

9.5 Hesabu za uratibu

Namba zilizomo katika mifano hii zimewekwa kwa ajili ya mazoezi.

Hesabu A: Muda. Treni ya SGR yenye makontena 48 inafika saa 2:00 asubuhi. Kituo kina mashine 2, na kila mnyanyuko huchukua dakika 4. Kila treni ya mita moja hubeba makontena 24. Treni ya kwanza ya mita moja iko tayari, lakini ya pili imechelewa na itafika saa 5:00 asubuhi.

Makontena 24 ya kwanza: kila mashine inanyanyua 24 ÷ 2 = 12. Muda ni 12 × 4 = dakika 48. Treni ya kwanza inajaa saa 2:48.

Sasa msimamizi ana chaguo mbili kwa makontena 24 yaliyobaki.

*Chaguo la kwanza: kusubiri.* Treni ya SGR inasimama mpaka saa 5:00, kisha kazi inafanyika kwa dakika 48. Treni zote mbili zinakuwa tayari saa 5:48. Jumla ya minyanyuko ni 48.

*Chaguo la pili: kushusha yadini.* Makontena 24 yanashushwa chini kuanzia saa 2:48 hadi 3:36. SGR inakuwa huru saa 3:36. Treni ya pili ikifika saa 5:00, makontena yanapandishwa na kazi inaisha saa 5:48. Jumla ya minyanyuko ni 24 + 24 + 24 = 72.

| | Kusubiri | Kushusha yadini |
|---|---|---|
| SGR huru | 5:48 | 3:36 |
| Treni ya pili tayari | 5:48 | 5:48 |
| Minyanyuko | 48 | 72 |

Tazama jedwali kwa makini. Mwenye mzigo hapati mzigo wake mapema kwa chaguo lolote. Kinachookolewa ni muda wa treni ya SGR, saa 2 na dakika 12. Kinacholipwa ni minyanyuko 24 ya ziada, yaani mafuta, uchakavu wa mashine na nafasi 24 zaidi za ajali. Ikiwa SGR inatakiwa kurudi bandarini saa 4:00 kuchukua mzigo mwingine, chaguo la pili ni bora. Ikiwa haina safari mpaka jioni, kusubiri ni nafuu. Jibu sahihi, basi, linategemea ratiba ya treni inayosubiri. Mtahini hutafuta sababu hiyo katika maelezo yako.

Jiulize pia: je, kuongeza kichwa cha pili cha treni kungepunguza dakika 48? Hapana. Kinachochelewesha hapo ni mashine za kunyanyua. Kanuni: *kasi ya kituo chote ni kasi ya kiungo chake kinachokwenda polepole kuliko vyote.* Kwanza kitambue kiungo hicho, ndipo upendekeze suluhisho.

Hesabu B: Uzito kwa ekseli. Behewa tupu lina uzito wa tani 14 na ekseli 4. Reli inaruhusu tani 15 kwa kila ekseli. Je, linaweza kubeba makontena mawili ya futi 20 yenye tani 24 kila moja?

Jumla: 14 + 24 + 24 = tani 62. Kwa ekseli: 62 ÷ 4 = tani 15.5. Imezidi, hairuhusiwi.

Badilisha kontena moja kwa lenye tani 20: 14 + 24 + 20 = tani 58; 58 ÷ 4 = tani 14.5. Inaruhusiwa.

Umejifunza nini? Makontena mawili mazito yaliyosafiri salama pamoja kwenye SGR huenda yakalazimika kutenganishwa kwenye reli ya zamani. Ndiyo sababu uzito lazima uwemo katika orodha ya hatua ya 1.

Hesabu C: Tarakimu ya uhakiki. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia ili kugundua makosa ya kusoma au kuandika. Fuata hatua hizi:

1. Geuza herufi kuwa namba. A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea. Namba 11, 22 na 33 hurukwa. Hivyo Q = 28, S = 30, U = 32.
2. Zidisha namba ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, ukiongeza maradufu hadi ya kumi kwa 512.
3. Jumlisha, kisha gawanya kwa 11. Baki ndiyo tarakimu ya uhakiki. Baki ikiwa 10, huandikwa 0.

Mfano: CSQU 305438, tarakimu ya uhakiki 3.

C: 13 × 1 = 13
S: 30 × 2 = 60
Q: 28 × 4 = 112
U: 32 × 8 = 256
3 × 16 = 48
0 × 32 = 0
5 × 64 = 320
4 × 128 = 512
3 × 256 = 768
8 × 512 = 4096

Jumla ni 6185. Ukigawanya kwa 11 unapata 562, baki 3. Namba ni sahihi.

9.6 Uratibu mbovu humgusa nani?

Usiandike "huleta hasara" ukaishia hapo. Taja anayepata hasara na jinsi anavyoipata.

*Mwenye mzigo* hulipia hifadhi ya yadi na siku za ziada za kukodi kontena. Mfanyabiashara wa Kampala au Lusaka huongeza gharama hizo kwenye bei, na *mlaji* ndiye anayezilipa dukani. *Shirika la reli* hupoteza safari, kwa kuwa treni iliyosimama haiingizi kitu. *Bandari* hujaa, kwani mabehewa matupu hayarudi kwa wakati. *Wafanyakazi* huhatarishwa, maana haraka ya kufidia muda uliopotea ndiyo inayofanya kufuli isikaguliwe au mtu apite chini ya mzigo. Mwisho, *barabara* huelemewa, kwa sababu wateja wakichoka kusubiri huhamia kwenye malori.

9.7 Makosa yanayopoteza alama

1. Kuchanganya upana wa reli na urefu wa njia. Milimita 1067 ni upana.
2. Kusema TAZARA ni SGR. Si kweli. SGR ni milimita 1435.
3. Kutaja hatua bila mpangilio. Swali likisema "eleza hatua", mpangilio una alama.
4. Kupendekeza "kununua treni zaidi" kwa kila tatizo, bila kutazama kiungo kinachochelewesha.
5. Kutoa jibu la hesabu bila kipimo. Andika "dakika 48", usiandike "48" peke yake.

9.8 Maswali ya marudio

1. Andika upana wa reli ya (a) Reli ya Kati ya zamani, (b) TAZARA, (c) SGR.
2. Eleza kwa nini chuma cha tatu cha reli si suluhisho Kidatu.
3. Mabehewa yanavuka Ziwa Victoria kwa meli bila kuhamisha makontena. Toa sababu.
4. Treni ina makontena 36. Mashine ni 3, na kila mnyanyuko ni dakika 5. Baada ya dakika 30 mashine moja inaharibika. Kazi yote itachukua muda gani?
5. Behewa la tani 14 lenye ekseli 4 limepangiwa makontena ya tani 22 na tani 25. Reli inaruhusu tani 15 kwa ekseli. Je, liondoke?
6. Karani ameandika CSQU 304538, tarakimu ya uhakiki 3. Onyesha kwa hesabu kwamba amekosea.
7. "Kontena likishuka chini, muda umepotea." Jadili kauli hii kwa kutumia mfano wa hesabu.

Majibu kwa ufupi

1. (a) mm 1000 (b) mm 1067 (c) mm 1435.

2. Tofauti ni mm 67 tu. Haitoshi kuweka chuma kingine sambamba pamoja na nafasi ya ukingo wa gurudumu.

3. Reli za Tanzania na Uganda zinazofika ziwani zote ni za mita moja, hivyo behewa lenyewe huendelea.

4. Dakika 30 za kwanza: kila mashine hunyanyua 30 ÷ 5 = 6; mashine tatu ni 18. Yanabaki 36 − 18 = 18. Mashine mbili: 18 ÷ 2 = 9; 9 × 5 = dakika 45. Jumla: 30 + 45 = dakika 75, yaani saa 1 na dakika 15.

5. 14 + 22 + 25 = tani 61; 61 ÷ 4 = tani 15.25. Lisiondoke. Kontena moja libadilishwe kwa jepesi zaidi.

6. Herufi: 13 + 60 + 112 + 256 = 441. Tarakimu: 48 + 0 + 256 + 640 + 768 + 4096 = 5808. Jumla 6249. Ukigawanya kwa 11 unapata 568, baki 1. Iliyoandikwa ni 3, kwa hiyo namba ina kosa. Karani amebadilishana nafasi za 5 na 4.

7. Hoja za kutaja: kushusha chini huongeza minyanyuko, gharama na hatari (unaunga mkono kauli), lakini treni ya pili ikichelewa, kushusha huifungua treni ya kwanza mapema bila kumchelewesha mwenye mzigo (unaipinga). Tumia Hesabu A kuthibitisha. Hitimisho lako lionyeshe kwamba uamuzi hutegemea kama treni inayosubiri ina kazi nyingine ya haraka. Atakayetoa upande mmoja tu hatapata alama zote.